Ukuta Wako Umevuka Mpaka

Mpendwa Mama,

Kabla hujaenda mstari wa pili, nakuomba usimsomee mtu barua hii. Usimwonyeshe hata mwenzako wa kikundi unayemwamini kama nafsi yako. Na wewe mwingine ambaye si mama yangu, uliyeikunjua karatasi hii njiani kwa sababu ya kazi yako au kwa udadisi tu, nakuomba kwa heshima uikunje tena kama ulivyoikuta na maneno haya yabaki tumboni mwako. Nimeiacha wazi bila bahasha kwa makusudi. Mimi ni karani wa mpakani, najua kwamba bahasha iliyogundishwa ndiyo inayofunguliwa kwanza. Karatasi iliyokunjwa mara mbili na kulazwa kati ya vitenge haimshughulishi mtu.

Sitaandika jina lako wala langu. Utanijua kwa nitakayoyasema.

Nimechoka, Mama. Nimechoka kwa namna ambayo kulala hakusaidii. Ninaandika saa ya chakula cha mchana, nyuma ya kabati la mafaili, wenzangu wameenda kula. Nje malori yamepanga mstari toka alfajiri na madereva wanapiga honi, kana kwamba honi inagonga mihuri. Kila mtu akipita dirishani naifunika karatasi kwa kitabu cha risiti. Nimeianza barua hii mara tano. Nne nimezichana na vipande nimeviloweka kwenye ndoo ya kudekia.

Nianze na linalonikaba. Jumamosi ya wiki ijayo wazee wa ukoo fulani kutoka ng'ambo ya mto wanakuja nyumbani Kemambo kutaja ng'ombe kwa ajili yangu. Kijana wao anaendesha mtambo huko machimboni. Nimemwona mara mbili. Si mtu mbaya, na anapoongea na mimi huwa anaangalia chini kama mtu aliyeangusha sarafu. Sina neno naye. Tatizo ni kazi ambayo ng'ombe hao wamekwisha kupangiwa. Bibi anataka watoke zizini palepale walipoingilia, wakatolewe mahari ya binti mwingine, aje awe mke wa mlango wake, azae mtoto wa kiume ambaye wewe hukumzaa.

Naandika haya unayoyajua kuliko mimi kwa sababu sijawahi kuyaona yameandikwa mahali, na mimi kitu kisichoandikwa kinanitisha. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu, mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa waitwe kwa mlango wake. Nyumba ntobhu. Bibi alikuoa wewe. Ukanizaa mimi, mtoto wa kike, kisha ukaondoka kabla ya kuzaa mwingine. Nilikuwa na miaka tisa. Kwa desturi hiyohiyo nilibaki, kwa sababu mimi ni wa mlango wa Bibi. Kwenye fomu za shule, mahali palipoandikwa jina la baba, mwalimu alikuwa anaandika jina la Bibi bila kuinua macho, na watoto wa kwetu hawakucheka, maana hapakuwa na cha kuchekesha. Nilipofika sekondari ya mbali ndipo wenzangu walipocheka.

Asubuhi uliyoondoka ulinipaka mafuta mpaka nyuma ya masikio, ukaniambia, "Leo usinisubiri kisimani." Nilikusubiri kisimani. Nilikusubiri siku hiyo na nyingine nyingi, na ndoo yangu ikijaa nilikuwa naimwaga taratibu ili nipate sababu ya kujaza upya. Bibi hakunifokea kwa kuchelewa. Alikuwa anatoka mpaka kwenye njia na fimbo yake, ananikuta nakuja, anageuka, tunarudi nyumbani.

Sasa nikueleze jinsi nilivyokupata.

Wiki tatu zilizopita yalifika mpakani makasha manne ya mbao kutoka Kenya, yakipelekwa kwenye jumba jipya la sanaa la Tarime mjini. Ofisi yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kuyapitisha. Karatasi za mtumaji zilisema tu "kazi za sanaa, vipande vinne." Bosi alinipa mimi, akisema ni mzigo mwepesi wa kujifunzia. Nilifundishwa kwamba karani mwaminifu haandiki alichoambiwa, anaandika alichokiona. Nikaomba makasha yafunguliwe. Matatu yalikuwa na picha na vitambaa. La nne lilikuwa na kipande cha ukuta, kirefu kuliko mlango, kimelazwa ndani ya fremu. Kilikuwa kimefunikwa kwa plastiki na mwanga wa ghala ni mdogo, sikukitazama sana. Niligusa pembeni, nikanusa kidole, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Udongo uliokaushwa, uliochanganywa na samadi, ndani ya fremu ya mbao."

Afisa wa ukaguzi wa mimea alisoma mstari huo akavua miwani. Ni mzee mpole. Akaniambia, "Binti, mimi sina ugomvi na sanaa. Lakini wewe umeandika udongo, tena na samadi. Udongo wa nje una vidudu vyake. Niletee barua yenye muhuri inayosema huu hautalimwa."

Kasha likazuiwa siku tatu. Bosi aliniita mbele ya wote. Akasema nimesoma mpaka nimepitiliza. "Ikija picha ya ng'ombe utaandika ng'ombe? Tupeleke kwa daktari wa mifugo?" Wenzangu walicheka, na mimi nilicheka nao kwa sababu niliogopa kutocheka. Siku zile tatu sikula vizuri. Kazi hii, Mama, ndiyo inayonifanya nisiwe tu binti anayesubiri kutajiwa ng'ombe. Nikiipoteza, sina pa kusimama wakati wa kusema neno lolote.

Barua yenye muhuri ilipofika, Bosi aliamua nipande gari pamoja na mzigo mpaka Tarime, nisimamie unavyofunguliwa, nirudi na sahihi ya mpokeaji. Dereva ni mtu wa hapahapa Sirari, nusu ya ukoo wake iko Isebania, upande wa Kenya, na hajawahi kunyamaza. Njia nzima ananichokoza. "Sasa sister, hii mzigo ni matope kweli? Watu wanaenda Kenya kuleta mafuta ya kupikia, wewe unaleta matope. Kwani kwetu yameisha?" Nikamwambia aendeshe polepole. Akasema analiendesha kama amebeba mayai. Tulipofika kwenye ile barabara ya kupanda kilimani gari likaruka shimo, nikasikia kitu kinalia nyuma yetu, sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga kibuyu.

Na hapo juu, gari liliposimama, nikapatambua.

Unayakumbuka yale majumba mawili ya mawe? Wazungu wa dhahabu waliyajenga zamani, kabla Bibi hajaolewa. Sisi tuliyakuta yamekuwa ghala la mahindi. Nilikuwa na miaka sita au saba, ulinipeleka hospitali kwa sababu ya sikio, tukirudi ikatukuta mvua ya mawe. Tulikimbilia kwenye baraza la mojawapo. Mlinzi alitutazama akatuacha, akatupa gunia tukalie. Mawe ya mvua yalipiga bati mpaka hatusikilizani. Wewe ukasimama kwenye dirisha lililovunjika, ukachungulia vyumba vyote kimoja kimoja, ukarudi kunieleza kama mtu aliyetoka safari. Ulisema nyumba ni kubwa hivi lakini inaonekana kila mtu alilala chumba chake, kama wagonjwa. Ukasema moto wao wameuchimbia ndani ya ukuta, labda walikuwa wanauogopa. Nilicheka mpaka sikio likauma. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka tuko wawili tu, hakuna mtu wa kutuita.

Sasa yamepakwa chokaa, bati limepigwa rangi nyekundu, na mbao za sakafu zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Kuna kitabu cha wageni mlangoni na msichana anayekusihi ufute viatu. Msimamizi wa jumba ni mama mmoja aliyehamia kutoka Mwanza, mnene, ana sauti ya mwalimu wa awali. Aliniita "mdogo wangu" tangu neno la kwanza. Akasema kwa kuwa wafungua makasha hawajafika, nitembee niangalie.

Nilitembea kama ninayekagua mzigo, mikono nyuma. Sikujua mtu anatakiwa kutazama sanaa kwa muda gani. Katika jumba la kwanza, sebuleni, amesimama tembo aliyetengenezwa kwa madebe. Aliyemtengeneza ni mkulima wa Robanda, kule ukingoni mwa hifadhi, na madebe ni yaleyale waliyokuwa wakiyapiga shambani kufukuza tembo, bado yana mabonde ya fimbo. Bafuni liko beseni kubwa la kuogea, lile la Wazungu, limejazwa ndala za wachimbaji wadogo wa dhahabu mpaka zinamwagika. Kila moja imechakaa kwa namna yake. Dereva alikuwa amenifuata. Akasema, "Hata mimi ninazo nyumbani za hivi. Nilete?" Lakini alibaki pale muda mrefu kuliko mimi.

Kasha la nne lilifunguliwa mwisho, kwenye chumba cha kulia cha jumba hilo la pili, mbele ya sehemu ya moto uliyoicheka. Vijana wanne waliuinua ukuta wakausimamisha. Pembe ya chini kushoto ilikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Nikaona kazi yangu imekwisha. Nilianza kuandika ripoti ya uharibifu palepale, nimepiga magoti, kalamu inateleza kwa jasho, nikiandika ufa umeanzia wapi na umeishia wapi. Kwa kuufuata ufa kwa macho ndipo nikaona mistari.

Kina mama wengi wakikandika nyumba wanapitisha vidole vinne, mawimbi yanashuka mpaka chini. Wewe kidole chako cha mwisho kilivunjwa na mlango wa zizi, hakikunyooka tena. Mistari yako mitatu inakwenda na wa nne unakatika, unaruka, unarudi. Nilikulia mbele ya mistari hiyo. Kila mwaka kabla ya Krismasi ulichota udongo wa kichuguu, ukachanganya na samadi na majivu, na mimi kazi yangu ilikuwa kumwaga maji. Ukimaliza ulinishika mkono ukaubandika chini pembeni, kwenye udongo mbichi. Ulikuwa ukiniambia, "Usibonyeze sana, utauumiza." Mwaka uliofuata tuliupaka upya na mkono ulikuwa umekua.

Kwenye ukuta huu, chini pembeni, pale pale, hakuna alama ya mkono. Pana sehemu laini isiyopitiwa na kidole hata kimoja. Mistari yote inaizunguka. Ukubwa wake ni wa kiganja cha mtoto wa miaka tisa.

Niliupeleka mkono wangu. Msimamizi akasema kwa upole, "Usiguse, mdogo wangu." Nikaurudisha.

Nilimuuliza jina la msanii, nikisema ni kwa ajili ya ripoti. Akaniambia ni mama mmoja wa kikundi cha kina mama hapo ng'ambo ya mpaka, Isebania, hataki jina lake liandikwe popote. Walimsihi. Naye akawajibu kwamba ukuta hauna jina la aliyeukandika, una jina la mwenye nyumba. Msimamizi alilirudia jibu hilo akitabasamu, anaona ni fumbo la kisanii. Mimi nilijua si fumbo. Nikasema, "Ni kazi nzuri," nikaenda kukaa barazani. Dereva akaniletea soda, akaapa kwamba ule ufa ulikuwepo toka Kenya na yuko tayari kusema hivyo mbele ya Bosi. Alidhani nalilia ufa.

Sijui unatarajia niliona nini moyoni. Nilikasirika, Mama. Miaka kumi na minne ulikuwa umbali wa kutembea kwa mguu toka dirisha langu la kazini, na mimi kila siku napitisha karatasi za vitunguu na saruji vinavyotoka upande wako. Baada ya hasira nikaogopa. Wazee wa ukoo wetu hawajasahau kwamba uliondoka na ng'ombe hawakurudishwa. Wakijua ulipo, watakufuata wakuulize, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewaonyesha njia. Msimamizi anatengeneza kijitabu cha maonyesho. Ameniomba, kwa kuwa natoka Kemambo na amesikia msanii aliwahi kuishi upande wetu, niwaulize kina mama wazee kama kuna anayetambua mkono huo, ili aandike historia yake. Nimemjibu nitauliza. Sijauliza. Nimemwambia kwamba kwetu kila mama anakandika hivyohivyo. Ni uongo wa kwanza niliowahi kumwambia mtu aliyenikaribisha vizuri.

Lakini kuna mmoja aliyeona, na ni lazima nikuambie.

Bibi magoti yamemwishia. Jumanne ya wiki iliyopita nilimleta hospitali Tarime. Tulipomaliza, nikitafuta usafiri wa kumrudisha, akasema nimpeleke kwanza akaone hayo matope yaliyonipotezea siku tatu. Nilijaribu kumzuia. Nikasema kuna ngazi, nikasema wamefunga. Aliniangalia tu. Unalijua jicho lile.

Aliingia mle kama anaingia kwa mkwe. Mlangoni walimtaka asaini kitabu, akaweka dole gumba. Kwa tembo wa madebe akasema, "Huyu ndiye analeta njaa Robanda, na nyinyi mmempa sebule." Msichana wa mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta. Kule bafuni Bibi aliinama juu ya beseni, akageuza ndala moja kwa ncha ya fimbo. Akauliza, "Wenye hizi wako wapi?" Msichana aliacha kucheka.

Kwenye chumba chako nilimwekea kiti mbali kidogo, nikitumaini macho yake hayatafika. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja akaweka vidole vyake vinne kwenye mistari na kuanza kushuka navyo. Msimamizi alifungua mdomo kumkataza, kisha akasema badala yake, "Shikamoo, Bibi." Bibi akaitikia marahaba bila kugeuka. Vidole vilishuka mpaka pale mstari wa nne unapokatika. Vikasimama. Vikaendelea, vikasimama tena. Halafu akainama, na magoti yale, mpaka kwenye sehemu laini ya chini. Akaweka kiganja chake chote juu yake. Kiliifunika kikabaki.

Alisema kwa Kikurya, taratibu, kama anayemsema mtu aliye chumbani: "Samadi nyingi. Siku zote alikuwa anazidisha samadi."

Msimamizi akaniuliza amesema nini. Bibi akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili. "Mama, mimi macho yangu ni mabovu. Sijaona kitu hapa."

Tulikaa barazani. Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa, akaishika bila kunywa. Nilikuwa nangoja aseme atawaita wazee. Akaniuliza kama nilipata kumwona akikupiga. Nikasema sikuona. Akasema ni kweli, hakukupiga, lakini pia hakukuuliza. Walioenda kwenu kukuuliza kama ng'ombe wapokelewe ni wazee, yeye alikaa nyuma akishika kamba za ng'ombe.

"Alijibu nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwepo, nilisikia," akasema. "Lakini jibu la mtu halibebwi na mwingine. Kamuulize."

Nikamwambia sijui ulipo. Akaniambia nisimdanganye, mimi ni karani, mizigo yote ina karatasi. Kisha akasema lile ambalo limeninyima usingizi tangu siku hiyo. Kwamba wazee wa yule kijana watakuja Jumamosi kama ilivyopangwa, hatawarudisha, maana hawezi kufa mlango wake ukiwa umezibwa. "Sitakusukuma na sitakuzuia," akasema. "Ukisema wapokelewe, nitashukuru. Ukisema wasipokelewe, nitakaa na aibu yangu, nimezoea kukaa. Ila usijibu kama mtu asiyejua aliyemtangulia alijibu nini."

Alikunywa chai ikiwa imepoa. Alipomaliza akaomba nimfunge kanga vizuri kiunoni, kama mtoto.

Nakuomba usimchukie, Mama. Mimi nimejaribu kumchukia kwa ajili yako, sikuweza. Ndiye aliyelala kwenye sakafu ya bweni siku nilipougua mtihani ukikaribia. Na nakuomba usidhani nampenda kuliko wewe. Sijui nampenda nani kiasi gani. Nimechoka kupima.

Nikuambie tu jinsi itakavyokuwa, kama umesahau. Wataniita nisimame mlangoni. Mzee mmoja atauliza kama ng'ombe wapokelewe. Ataniuliza tena, na tena, ili isisemekane sikusikia. Nikiitikia, maneno yamekwisha, na siku chache baadaye binti mwingine atasimama kwenye mlango wa kwao kwa sababu ya ng'ombe walewale, aulizwe vivyohivyo. Simjui. Nasikia ana miaka kumi na saba. Atalala kwenye chumba chako, na ataukandika ukuta wako.

Wewe ulisema nini? Kama ulikubali, halafu ukaja kushindwa, niambie ulishindwa na nini, nami sitakuhukumu. Kama ulikataa na hawakusikia, nataka kujua hilo zaidi, maana mimi nina sauti ndogo na inanibidi nijue mapema kama inabidi nipige kelele.

Mimi naelekea wapi nimekwisha kujua. Sitaki. Nimeliandika neno hilo hapa ili angalau liwe limeandikwa mahali. Ninachoogopa ni kwamba siku ile nikiwa mlangoni, na Bibi yuko nyuma yangu na fimbo yake, mdomo utaitikia wenyewe, kama ulivyocheka wenyewe mbele ya Bosi. Nadhani nikikuona kabla ya siku hiyo hautaitikia wenyewe. Ni hilo tu ninalolitaka kwako, sikudai mengine.

Mama aliyetumwa na kikundi chenu kuja kuziba ule ufa anafika kesho, Alhamisi. Nitamkabidhi barua hii pamoja na vitenge viwili, nimwambie ni vya aliyeukandika ukuta, shukrani ya jumba. Hatajua zaidi. Naamini hivyo, na naogopa pia.

Ukiweza, njoo Jumamosi hii, si ile ya wazee. Vuka mapema wakati foleni ya waenda sokoni ni ndefu, usikae Sirari, na Kemambo usikanyage. Panda moja kwa moja mpaka kilimani. Mlango unafunguliwa saa nne. Kwenye kitabu cha wageni andika jina lolote. Pita jumba la kwanza bila kusimama, ingia la pili, chumba cha kulia. Nimeomba ruhusa ya siku nzima, nitakuwa pale mpaka saa kumi wanapofunga, nimevaa sweta ya kijani ya shule, sina nyingine inayotambulika. Msimamizi atakuwepo. Usiniite kwa jina. Simama tu karibu, kama mtu anayetazama.

Ukishindwa kuja, tuma jibu lako kwa mtu unayemwamini. Aje Jumatatu ofisini kwetu, nyumba ya pili kutoka lango la mpaka upande wa kushoto, aulizie karani wa kike. Ni mimi peke yangu. Asiandike kitu. Bosi akitoka kwenda benki saa tano, ainame dirishani aniambie ulichowajibu, neno lenyewe kama ulivyolitamka, halafu aende zake.

Mimi,
mwanao wa pekee